Kisanduku cha Nne

Mdogo wangu alirudi saa tisa alasiri akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda, na kabla hajafika kibarazani nilishajua kwamba amepewa karatasi. Mtu aliyepewa karatasi na ofisi hutembea kivyake. Nimewaona wengi. Mabega yanatangulia kushuka, miguu inafuata.

Aliiegemeza baiskeli ukutani, akakaa juu ya ndoo niliyoipindua, ile wanayokalia wateja wakisubiri viatu vyao, akavua viatu vyake mwenyewe akavitazama soli. Mimi nilikuwa na misumari minne mdomoni, kisigino cha mteja mapajani.

"Naomba kalamu," alisema mwishowe.

Nilitema misumari kiganjani. "Ya nini?"

"Ya kusaini."

Nikaipokea ile karatasi. Taarifa ya Uharibifu wa Kifaa. Jina la mtumiaji, namba ya kifaa, halafu: sababu ya uharibifu, tia alama moja tu. Ajali. Wizi. Uzembe wa mtumiaji. Visanduku vitatu vimepangwa kama vitanda vya hospitali, chagua mwenyewe pa kulala.

Nilifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha magunia. Mwaka ule mtu wa mashine ya saba alipokatwa vidole viwili walimletea karatasi kama hii, yenye visanduku vitatu, na hakuna hata kimoja kilichosema kwamba mashine haikuwa na kinga. Alitia alama kwenye uzembe. Alitia kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kwenye bandeji. Naikumbuka tarehe, naikumbuka na rangi ya wino.

"Ukitia alama kwenye uzembe umejifuta," nilimwambia.

Alilijua hilo kuliko mimi. Mdogo wangu ni mhudumu wa afya wa mtaa. Ana nyumba ishirini na sita upande wa kilimani: watoto wa kupimwa uzito, wagonjwa wa vidonge vya miezi sita ambao asiposimama mbele yao hawamezi, kikongwe mmoja mwenye kidonda cha mguu ambaye hamruhusu mwingine yeyote akiguse. Zahanati iliwapa wahudumu tisa baiskeli za milimani, zile za gia na matairi yenye meno. Anayeandikwa kwamba hawezi kutunza kifaa, kifaa kinarudi stoo, na nyumba zake anapewa mwenzake mwenye baiskeli. Ukaguzi ulikuwa Jumatatu. Siku ile ilikuwa Ijumaa.

"Nimechoka, kaka," alisema. "Kupanda mlima nimeisukuma, kushuka mlima nimeisukuma. Acha nisaini nikajinyooshe."

"Mtu hasaini akiwa amechoka."

"Basi duniani kusingesainiwa kitu."

Nilimnyang'anya ile karatasi nikaikunja nikaitia mfukoni. Baiskeli ile ilikuwa ikilia kwa majuma. Ko. Kila mzunguko wa pedeli, ko, upande wa kushoto, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu na hafunguliwi. Asubuhi hiyo, katikati ya mlima, pedeli ilikuwa imeanza kucheza mguuni mwake kama jino bovu, akateremka kwa kuogopa kuanguka.

"Vaa viatu," nikasema. "Twende kwa Taratibu."

Taratibu ni fundi baiskeli wa barabara ya pili. Jina hilo alipewa baada ya mteja mmoja kumharakisha, naye akakaa na pancha yake siku nne kwa makusudi. Tulisoma darasa moja. Tulimkuta amejiinamia chini ya kibanda chake cha mabati, anapanga gololi za beringi moja moja kwenye grisi kama mtu anayepanda mbegu.

"Katibu," aliniita bila kuinua kichwa. Hilo ndilo jina langu tangu enzi za kamati ya wafanyakazi. Kiwanda kilifungwa, kamati ikafa, jina likabaki. "Leo umemleta nani agome?"

"Baiskeli."

"Hiyo naisikia imegoma yenyewe. Haikungoja hotuba."

Mdogo wangu akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

Taratibu alifuta mikono, akamuuliza yeye, si mimi. "Dada, inalia ukikanyaga au hata ukiiacha iteremke yenyewe?"

"Nikikanyaga tu. Na nikikanyaga kwa nguvu inalia zaidi."

"Vizuri. Watu wakisikia mlio wanabadilisha pedeli. Inalia vilevile. Wanabadilisha cheni. Inalia vilevile. Mwisho wanabadilisha fundi." Aliishika pedeli peke yake akaitikisa: kimya, imetulia. Kisha akaishika mikono yote miwili ya pedeli, ile inayounganisha pedeli na ekseli ya katikati, wa kulia kwa mkono huu na wa kushoto kwa mkono ule, akawa anaisukuma na kuivuta kuelekea ubavuni mwa baiskeli. "Sasa tazama, Katibu, ujifunze kitu bure. Ikicheza yote miwili kwa pamoja, ugonjwa uko ndani, kwenye beringi za ekseli. Ukicheza mmoja na mwingine umetulia, ugonjwa ni wa huyo mmoja."

Wa kulia ulitulia tuli. Wa kushoto ulicheza. Ko, ko.

Akabandua kifuniko cha plastiki, akaingiza spana kwenye bolti inayoushikilia mkono kwenye ekseli. Hakuhitaji spana. Bolti ilizunguka kwa vidole viwili.

Hapo ndipo damu ilinipanda. Nikasema niliyoyasema. Kwamba wanawapa wanawake vyombo ambavyo hata bolti haikukazwa, wanawapeleka milimani, chombo kikifa wanawaletea karatasi yenye neno uzembe limeshachapwa tayari. Kwamba tangu kiwandani ni mchezo uleule, wanabadilisha mabango tu. Kwamba Jumatatu nitasimama pale zahanati na nitasema mbele ya wote, na barua nitaandika, na nakala nitapeleka juu. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na mkokoteni alisimama kusikiliza.

"Umemaliza?" aliuliza Taratibu.

"Sijamaliza."

"Basi endelea, mimi nachomoa."

Alikuwa ameshika kifaa chake cha kuchomolea, lakini hakukitumia. Mkono ulitoka wenyewe, kama soksi. Akautazama, akaupanguza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akatuonyesha tundu lake.

"Ekseli ni chuma, ina pande nne. Mkono huu ni aluminiamu, na tundu lake ni la pande nne. Ukikazwa sawasawa, hata kuutoa ni kazi. Bolti ikilegea kidogo tu, chuma kinaitafuna aluminiamu kila mtu anapokanyaga. Pembe zinalika. Tazama, tundu limeshakuwa kama yai. Huu umekufa. Ukiukaza leo, kesho utalegea."

"Umeuawa," nilisahihisha.

"Umeuawa, kweli." Akaugeuza upande wa nje. "Maana hapa kuna aliyepiga. Moja, mbili, tatu. Nyundo ya uso wa duara, pana. Na ukingo wake umemeguka mahali pamoja, ona, kila alama ina pengo palepale. Kipigo kimeupandisha mkono upande upande, bolti ikapoteza mshiko wake. Kama ilikuwa imelegea kidogo, hapo ndipo mambo yalipoharibika."

"Stoo!" nikasema. "Wameikabidhi imeshapigwa nyundo. Huo ni ushahidi, usiufute. Taratibu, utanisainia kwamba umeuona. Nyundo ya stoo, tutaidai ile nyundo, iletwe, ilinganishwe na alama."

Taratibu alikuwa akiangalia aproni yangu. Mdogo wangu alikuwa akiangalia soli ya kiatu chake.

Nilikuwa nimeondoka kibarazani na aproni yangu ya kazi, na nyundo yangu ya viatu ilikuwa mfukoni, ikinigonga paja tangu nyumbani. Ina uso wa duara, pana, kama nyundo zote za washona viatu. Ukingo wake ulimeguka usiku tulipovunja kufuli la geti la kiwanda, nami kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikimwonyesha kila mteja lile pengo kama medali.

Niliitoa. Sijui kwa nini niliitoa, wote tulikuwa tumeshajua. Nikaiweka juu ya ile alama ya kwanza. Ilikaa.

Ndipo nikakumbuka. Ilikuwa wakati wa mvua. Alikuja akasema, kaka, inalia. Nikamwambia lete hapa, hiyo kazi ndogo. Baba alikuwa na baiskeli ya chuma, na mikono ya pedeli kwenye baiskeli zile ilishikwa na kotapini, kijiti cha chuma kinachopita ubavuni. Ikilia ko, unaigonga kwa nyundo inaingia, unaendelea na safari. Nilipiga mara tatu. Ilinyamaza siku tatu nzima, nami nikajisifu mtaa mzima kwamba mafundi wa siku hizi ni majina tu. Niliyasahau yale mapigo matatu kama mtu anavyosahau kikombe cha chai. Mimi, ninayekumbuka rangi ya wino.

"Hii haina kotapini," alisema Taratibu, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko dhihaka.

"Naona."

"Na walituambia," alisema mdogo wangu, bado anaongea na kiatu chake, "kwamba baada ya mwezi mmoja tuzirudishe stoo Jumamosi zikazwe upya. Bolti mpya zinalegea zikianza kazi, walisema, si ajabu. Nilikuuliza."

"Nikakwambia nini?"

"Kinachoingia stoo hakitoki. Ukanisimulia habari ya cherehani."

Habari ya cherehani ni ya kweli. Kiwandani mshonaji aliyeripoti cherehani mbovu, cherehani ilichukuliwa ikatengenezwe, naye akaambiwa akaingoje nyumbani. Wako wanaoingoja mpaka leo. Niliisimulia ili imlinde.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," nikamwambia. "Tangu mwanzo ulijua ni mimi, na bado unataka kutia alama kwenye uzembe wako."

"Ningetia wapi? Hakukuwa na kisanduku cha kaka."

Nilikaa kwenye tairi bovu. Mtu wa mkokoteni, alipoona hotuba imekwisha, akaondoka zake.

Taratibu hakutuachia tukae hivyo. Aliingia ndani ya kibanda akaanza kupekua, chuma kikigongana na chuma, akatoka na mkono mmoja wa rangi ya fedha uliotoka kwenye baiskeli iliyogongwa na lori. Alipima tundu kwenye ekseli, likafaa, kisha akageuza nyuma akasoma namba iliyochongwa. "Mia moja sitini na tano. Wa dada ni mia moja sabini. Milimita tano tu, Katibu, lakini goti lake litazijua kabla yako." Akarudi ndani. Wa pili ulikuwa mweusi, umechakaa rangi, tundu zima lenye pembe kali. Mia moja sabini.

"Nipe niufunge mimi," nikasema.

Alinitazama. "Nyundo iweke chini kwanza."

Nikaiweka chini. Akanipa spana ya kutolea pedeli kwenye mkono mfu ili tuihamishie kwenye huu mpya. Nilivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Unaikaza," alisema. "Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kwenda kule ambako bolti nyingine zote zinafungwa. Miaka yote umekuwa mtu wa kwenda kinyume, leo unashindwa?"

Mdogo wangu alicheka tena, mara hii kwa sauti, nami sikujali kwamba ananicheka mimi.

Tulisafisha ekseli mpaka ikang'aa, tukaikausha. Tukaingiza mkono, tukahakikisha unaelekea kinyume kabisa na mwenzake, tone la mafuta kwenye bolti, na kuanza kukaza. Spana ilikuwa ndefu, aliongeza bomba kwenye mpini wake. Nikakaza mpaka nikahisi imefika.

"Bado."

"Imefika."

"Imefika kwako. Kaza mpaka spana ikuombe radhi."

Nikakaza. Kisha akamtuma mdogo wangu akaipande mpaka mwisho wa barabara, kwenye kile kilima kifupi, na kurudi. Tulisikiliza wote wawili. Cheni, tairi, kokoto. Basi. Aliporudi, Taratibu akanipa spana tena, na bolti ile niliyoapa kwamba imefika ikakubali karibu robo mzunguko.

"Mkono unakaa vizuri ukishakanyagwa," alisema. "Wiki moja, ukazwe. Mwezi mmoja, ukazwe. Baada ya hapo sahau."

"Ndivyo walivyosema stoo," alisema mdogo wangu.

"Ndivyo."

Nilimuuliza Taratibu malipo. Akasema malipo yake ni ile nyundo isivuke tena barabara.

Jumatatu nilifunga kibaraza nikaenda naye. Wahudumu tisa walikuwa wamepanga foleni mbele ya mlango wa stoo, na foleni ile ilipokuwa ikisogea niliisikia: ko, pale mbele. Ko, nyuma yangu. Nilikuwa na karatasi mfukoni na mkono mfu kwenye mfuko wa plastiki. Hotuba sikuwa nayo.

Mtunza stoo alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Aliifikia baiskeli yetu, akaitikisa, ikatulia, akaanza kuandika, halafu kalamu ikasimama. Mkono wa kulia ulikuwa wa rangi ya fedha. Wa kushoto mweusi.

"Huu si wake," alisema. "Umebadilishwa nje. Mtumiaji, unajua kubadilisha kifaa nje ni kosa?"

Mdogo wangu alifungua mdomo. Nilimtangulia nikampa karatasi.

Chini ya visanduku vitatu nilikuwa nimechora cha nne kwa rula, nikakitia alama, na mbele yake nikaandika: Nyundo ya kaka wa mtumiaji. Mtumiaji alitaka kukileta kifaa kikazwe, akakatazwa na kaka huyo huyo. Nikasaini jina langu lote.

Aliisoma mara mbili. "Kisanduku hiki hakipo."

"Ndiyo maana nimekichora."

"Na kwa nini ulimkataza?"

Nikamwambia. Sikupaza sauti. Nikamwambia habari ya cherehani, kwa ufupi, na kwamba kinachoingia stoo hakitoki.

Alivua miwani. Alikuwa na macho ya mtu ambaye naye hajalala vya kutosha. "Jumamosi ile ya kukaza nilikaa hapa tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi," alisema. "Na spana hii. Nilikuja na chai yangu kwenye chupa. Hakuja hata mmoja."

Mwanamke mmoja wa nyuma kwenye foleni akasema, "Tulisikia kinachoingia stoo hakitoki."

"Mlisikia kwa nani?"

Hakuna aliyenitazama, na kwa kutonitazama huko nikajua. Neno langu lilikuwa limepanda mlima kwa baiskeli tisa.

Lakini mlango ulikuwa wazi nyuma yake, nami nina macho. Kulikuwa na mizani ya watoto imerundikwa, sita au saba, kila moja ina kikaratasi: inasubiri spea. Kwenye vumbi lililokuwa juu yake ungeweza kuandika kwa kidole. Aliona ninakoangalia.

"Hiyo si uongo," alisema polepole. "Hiyo inaniamkia kila asubuhi. Spea naziomba, haziji."

Mtu wa zamani ndani yangu alinyanyuka kutaka kusema. Nilimkalisha. "Basi usiziingize ndani," nikasema. "Hizi baiskeli. Zikaze hapa hapa kizingitini, kila mtu anaiona yake. Nitakushikia."

Alifikiri. Akavuta kigoda akakaa nje ya mlango.

Kila mmoja nilimwonyesha: shika mikono yote miwili, sukuma, vuta. Inacheza yote au mmoja? Sita zilikuwa zinalia. Nne ziliwahiwa, zikakazwa zikanyamaza. Mbili tundu lilikuwa limeshalika, na mtunza stoo alipofika kwenye kisanduku cha sababu aliitazama kalamu yake kitambo, kisha naye akachora mraba pembeni, bila rula, akaandika: haikukazwa kwa wakati. Hakuandika ni nani ambaye hakukaza.

Kwetu aliandika: Kifaa kinafaa, mtumiaji aendelee. Chini yake: onyo la kwanza. Nilivuta pumzi nianze kusema, maana onyo lile halikuwa lake, lilikuwa langu, na lingekaa kwenye faili lake yeye miaka mingapi.

"Kaka," alisema mdogo wangu. "Acha."

Nikaacha. Si kwamba nimelisahau.

Alifunga begi la dawa kwenye kibebeo, akavuka lango, akashika njia ya kilimani. Nilisimama nikisikiliza mpaka alipoanza kupanda na kukanyaga kwa uzito wake wote. Sikusikia kitu. Kabla ya kona alipaza sauti bila kugeuka:

"Ijumaa unikumbushe kukaza. Wewe si ndiye unayekumbuka."

Nilirudi kibarazani kwa miguu. Viatu vya mwalimu vilikuwa vinangoja, kisigino kimoja kimepigwa, kingine bado. Nilitia misumari mdomoni. Kabla ya kushika nyundo nilichukua chaki, nikaandika ukutani, pale ninapoona nikiinua kichwa: Ijumaa, mkono wa kushoto.